Mto hauna kishungi

Leo nataka tuzungumzie neno moja tu la Kiingereza. Siasa tumezichoka, na mishahara ya waandishi nayo ina siku yake. Neno lenyewe ni fupi, herufi tano: crest.

Mwulize mtu yeyote aliyepita sekondari. Mmoja atakwambia ni yale manyoya yaliyosimama kichwani mwa ndege. Wa pili atasema hapana, ni ile nyama nyekundu ya jogoo. Mpenzi wa soka atakujibu kwamba ni nembo ya klabu, na atashangaa unauliza nini. Mtu wa fizikia atachora wimbi akuonyeshe sehemu yake ya juu. Na jamaa aliyerudi kutoka Marekani atasema, ah, hiyo si dawa ya mswaki? Na kweli ipo, inauzwa kule tangu mwaka 1955. Wote watano wako sahihi, na hapo ndipo matatizo ya sisi watu wa magazeti yanapoanzia.

Nasema hivyo kwa sababu, tukiacha kujidai, sehemu kubwa ya kazi ndani ya chumba cha habari cha Kiswahili ni kutafsiri. Wapo wenzetu wanaoshinda juani wakitafuta habari, hao nawavulia kofia. Lakini kurasa za kimataifa, michezo ya Ulaya, afya, mazingira, teknolojia, hata baadhi ya ripoti zinazotuhusu sisi wenyewe, huingia kwa Kiingereza. Zinapokelewa na kijana mmoja ambaye hajala tangu mchana, saa mbili usiku, huku mhariri akimkumbusha kwamba kiwandani wanasubiri kurasa. Kijana akikwama kwenye neno anafungua kamusi na kubeba maana ya kwanza anayokutana nayo. Siku hizi hata kamusi hafungui. Anabandika aya nzima kwenye programu ya kutafsiri, anarekebisha koma mbili tatu, imeisha hiyo.

Sasa crest ni neno linalomwadhibu mtu wa namna hiyo, kwa sababu maana ya kwanza kwenye kamusi mara nyingi ni ya ndege na kuku, na dunia haikujaa kuku peke yao.

Ngoja kwanza tulifuate lilikotoka. Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa zamani, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, crista, yaani kile kilichosimama kichwani mwa ndege. Likatoka kwa ndege likapanda juu ya kofia za chuma za wapiganaji, likapanda vilima, likaingia baharini, likaishia kwenye mafuriko. Hata nungunungu hakusalimika. Kuna aina yake ambayo wanasayansi wanaiita Hystrix cristata, kwa sababu ya zile nywele ndefu ngumu anazozisimamisha kuanzia kichwani hadi mgongoni akikasirika. Na Kifaransa cha leo bado kinatumia neno hilo hilo, crête, kwa nyama ya jogoo, kwa safu ya milima, kwa wimbi, na hata kwa ule mtindo wa nywele ambao sisi tunauita kiduku na kaka zetu wakubwa waliuita panki. Kinyozi na mwanajiografia wanatumia neno moja!

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Manyoya yaliyosimama kichwani ni kishungi, au shungi kama ni kubwa. Hudihudi, yule ndege wa Nabii Suleiman, ana kishungi, anakifungua na kukifunga kama kipepeo cha kupepea mkaa. Ya jogoo si manyoya, ni nyama, kwa hiyo ina jina lake: undu. Kuna wanaoiita upanga wa jogoo, kuna wanaoiita kilemba, na ukimtazama jogoo mkubwa akitembea uani asubuhi kama mwenyekiti wa mtaa huwezi kuwalaumu hao wa kilemba.

Mtu atanijibu kwamba Kiingereza nacho kina neno la nyama hiyo peke yake, comb. Sawa. Lakini comb hiyo hiyo ni chanuo, na comb hiyo hiyo ni sega la nyuki. Chanuo, sega, undu. Kimoja cha kuchania nywele, kingine cha kukamua asali, cha tatu kinaishia kwenye supu. Sijui ni Mswahili gani angeviweka vitu hivyo vitatu kapu moja.

(Na undu si pambo tupu, jamani. Kuku hatoki jasho. Damu inayopita kwenye ile nyama ndiyo inayomsaidia kupunguza joto la mwili. Waliosoma biolojia kidato cha tano na cha sita watakumbuka pia kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza William Bateson na Reginald Punnett walitumia maumbo ya undu wa kuku kuonyesha kwamba jeni mbili zinaweza kushirikiana kutoa umbo ambalo hakuna mzazi aliyekuwa nalo. Darasani kwetu mwalimu alisema comb kipindi kizima, na nyuma kule kulikuwa na watu waliotoka wakidhani wamefundishwa habari za chanuo.)

Mfano mwingine wa ndege. Kuna kanga, yule wa madoadoa meupe ambaye tunaambiwa ndiye aliyezipa jina kanga za mama zetu. Halafu yuko ndugu yake wa msituni mwenye manyoya meusi yaliyojikunja kichwani kama amesukwa saluni. Kwa Kiingereza wote wawili ni guineafowl, inabidi waongeze maelezo: huyu ana kofia ya chuma, yule ana crest. Kwa Kiswahili mmoja ni kanga, mwingine ni kororo. Tumemaliza, twende zetu.

Nayasema haya kwa sababu kila nikikaa na wasomi wenzangu, hasa tukishaagiza duru ya pili, lazima atokee mmoja kusema Kiswahili ni maskini, hakina maneno, ndiyo maana inabidi tuchanganye. Hicho ni kilemba cha ukoka tunachokivisha Kiingereza. Lugha inayobebesha neno moja mizigo sita haijawa tajiri kwa kufanya hivyo. Imezoea tu, na wenyewe wanaelewana kwa sababu wamezaliwa nayo.

Ila haki itendeke, nisije nikakivisha Kiswahili kilemba hicho hicho. Upanga wetu ni silaha na ni nyama ya jogoo. Kilemba ni cha shehe, ni cha jogoo, na ni kile wanachodai wazee wakati wa posa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisikia mjomba anadai kilemba chake anaweza kwenda Kariakoo kununua kitambaa. Kila lugha ina mizigo yake na kila lugha imeifunga kwa namna yake. Kwa hiyo ukitafsiri neno kwa neno unahamisha mzigo wa watu bila kuufungua kuona kilichomo.

Tuje kwenye nembo, maana hapa hata Waingereza wenyewe wamelegea. Kwa wajuzi wa nembo za Ulaya, crest ni kitu kimoja tu: kile kinachosimama juu ya kofia ya chuma, juu kabisa ya mchoro. Ngao siyo crest. Wanyama walioishika ngao siyo crest. Maneno ya kwenye utepe siyo crest. Mfalme wa Uingereza anayo, ni simba mwenye taji aliyesimama juu ya taji jingine. Lakini mitaani siku hizi nembo yoyote ya shule au klabu inaitwa crest, ndiyo maana mashabiki wa Tottenham wana crest yenye jogoo, na jogoo huyo naye ana crest yake kichwani. Kwa Kiswahili ni nembo yenye jogoo mwenye undu, wala hakuna anayechanganyikiwa.

Sasa tazama muhuri wa barua yoyote ya serikali, uiangalie vizuri nembo yetu ya Taifa, ile ya bwana na bibi. Katikati kuna ngao yenye mwenge, bendera, shoka na jembe, mkuki, na chini yake mistari ya mawimbi. Bwana na bibi wameshika pembe za ndovu, miguuni kuna mkarafuu na mpamba, na wote wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Utepe umeandikwa Uhuru na Umoja. Hesabu mwenyewe. Mlima una kilele, mawimbi yana vilele, na mchoro mzima ni nembo. Kwa Kiingereza cha mitaani vyote vitatu ni crest. Ila crest yenyewe, ile ya wajuzi, haimo! Hakuna kofia ya chuma na hakuna kilichosimama juu yake. Majirani nao hali kadhalika. Nembo ya Kenya ina jogoo na shoka lake katikati ya ngao, kwa hiyo undu upo, crest ya mashujaa wa Ulaya haipo. Ya Uganda ina yule korongo mwenye taji la manyoya, lakini amesimama pembeni ya ngao, hakupandishwa juu yake. Mimi naliona jambo hilo zuri. Tulipopata uhuru tulichukua ngao zetu na mikuki yetu, kofia ya chuma ya watu tukaiacha huko huko kwao. Kwa hiyo siku programu ya kutafsiri itakapotuletea "kishungi cha Taifa" kitakuwa kimekosewa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Nyingine nazipita haraka. Crestfallen ni jogoo aliyepigwa, undu umelala upande. Usihangaike nalo, tuna kunywea, neno moja safi. Madaktari wana crest ya mfupa wa nyonga, mahali ambapo sindano ya kuchukulia uboho huchomwa mara nyingi. Huo ni ukingo wa juu wa mfupa, ule unaougusa ukishika kiuno kama mama mwenye nyumba anayedai kodi. Mgonjwa aambiwe ukingo wa mfupa wa nyonga. Akiambiwa kilele cha nyonga ataogopa bure, ataona wanampandisha mlima.

Na milima yenyewe je? Hapa wengi hukimbilia kilele, na mara nyingine ni sawa, mara nyingine ni kosa. Kilele ni nukta. Ukifika pale umefika, unapiga picha, unashuka. Lakini crest ya mlima kwa kawaida ni mstari, ni ule ukingo mrefu wa juu unaoweza kuutembea siku nzima. Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi wanao mmoja maarufu, vitabu vya Kifaransa vinauita Crête Congo-Nil. Ni safu inayokata nchi hizo kutoka kaskazini kwenda kusini. Mvua ikinyesha upande wake wa magharibi, maji yanashukia Ziwa Kivu, Mto Rusizi na Ziwa Tanganyika, yanaingia Mto Kongo, yanamaliza safari Bahari ya Atlantiki. Ikinyesha upande wa mashariki, maji yanaelekea Nile, yanavuka Sudan na Misri hadi Mediterania. Matone mawili yaliyoanguka hatua chache tu kutoka jingine hadi jingine, moja linatokea karibu na Angola, jingine linatokea Misri. Ukiandika "kilele cha Kongo-Nile" msomaji atatafuta mlima mmoja mrefu na hatauona. Andika mgongo, mgongo wa Kongo-Nile, naye ataona papo hapo maji yanavyoteremka huku na huku kama mvua kwenye mgongo wa ng'ombe. Mfaransa alitazama safu ya milima akaona jogoo. Sisi tunaona mnyama aliyelala. Kwa jambo hili la kugawa maji, nadhani mnyama aliyelala anafundisha vizuri zaidi kuliko jogoo.

Nisiwachoshe na barabara, ila ile kanuni ya madereva inayokataza kulipita gari jingine unapokaribia crest ya kilima nayo imetafsiriwa kwa namna za ajabu. Maana yake ni pale mwinuko unapoishia na huoni kinachokuja upande wa pili. Mwambie dereva "usipite gari jingine pale mwinuko unapokuficha yanayokuja". Ukimwambia kilele atafikiria Kibo, wakati kinachoweza kumwua ni kituta kidogo tu cha barabara ya Chalinze.

Sasa niingie kwenye maji, maana hapa ndipo utani unapoisha.

Tuanze baharini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mawimbi makubwa yanayofikia mita mbili, kipimo hicho ni kutoka bondeni mwa wimbi hadi kileleni mwake. Yaani mvuvi aliye bondeni anatazama ukuta wa maji unaomzidi kimo. Wataalamu wa mawimbi pia wana kawaida ya kutoa kipimo kinachotokana na wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, kwa hiyo wimbi moja moja laweza kuzidi kipimo hicho kwa mbali. Halafu mtu anakuja kuandika "urefu wa mawimbi", wakati kwenye fizikia ya shuleni urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele hadi kilele kinachofuata, jambo jingine kabisa. Neno ni kimo. Kimo cha mawimbi.

Halafu mtoni. Kwenye habari za mafuriko kutoka Marekani kuna sentensi inayojirudia kila mwaka: the river is expected to crest on Thursday. Hapa crest imekuwa kitenzi. Katika chumba kimoja cha habari ambacho sitakitaja nimeiona kwa macho yangu ikigeuzwa kuwa "mto huo unatarajiwa kufurika Alhamisi". Sentensi nzuri, Kiswahili fasaha, na maana yake imekaa kinyume.

Kwa nini kinyume? Kwa sababu mto unaofurika Alhamisi ni mto ambao Jumanne na Jumatano bado uko ndani ya kingo zake. Msomaji anajiambia ana siku mbili. Atavuna mahindi, atahamisha mbuzi, Jumatano jioni atabeba godoro. Lakini mto unaosemwa kwamba uta-crest Alhamisi huenda umeshavuka kingo zake wiki nzima iliyopita. Alhamisi ni siku ambayo maji yatafika juu kabisa, yatasimama, kisha yaanze kushuka. Sentensi moja inatangaza mwanzo wa balaa. Nyingine inatangaza kilele chake, na ndani yake kuna kaahueni kadogo: baada ya hapo yatapungua.

Chukua mafuriko makubwa ya Mto Mississippi ya mwaka 1993. Pale St. Louis maji yalifika juu kabisa tarehe 1 Agosti, karibu futi 50, wakati kiwango cha mafuriko mahali pale kinaanzia futi 30. Majira yote yale ya joto watu walikuwa wanajaza mifuko ya mchanga. Sasa mtu aliyeambiwa mwezi Julai kwamba mto "utafurika" tarehe 1 Agosti angeelewa nini? Angetazama nje, aone maji barabarani, aseme hawa wa magazeti wamechanganyikiwa. Huyo ana bahati, anaona kwa macho. Mwenye bahati mbaya ni yule wa chini zaidi ya mto, ambako maji hayajafika.

Na maji husafiri. Hili wenzetu wa Kenya wanalijua kupitia Mto Tana. Mvua inanyesha Aberdare na Mlima Kenya, maji yanapita kwenye mabwawa, Masinga na mengine yanayofuata, halafu yanashuka Garissa, Hola, Garsen, hadi baharini. Garissa ni nchi kavu. Mtu anaweza kukaa pale chini ya anga jeupe lisilo na wingu, huku mafuriko ya milimani yako njiani yanamfuata. Kile kilele cha maji kinapita mji mmoja leo, mji wa chini yake siku nyingine. Kwa hiyo swali la maana kwa msomaji ni maji yatafika juu kabisa wapi, na lini. Taarifa ikisema tu "mto utafurika" imemnyima yote mawili.

Mtaniambia hizo ni habari za Marekani, atakayekufa kwa tafsiri ya Dar es Salaam ni nani? Ni kweli kwamba huku kwetu taarifa za wataalamu husema peak mara nyingi zaidi kuliko crest. Lakini ugonjwa ni ule ule, na mabingwa wa kugeuza kila kitu kuwa "kufurika" ni wale wale. Mwezi Aprili 2024 Rufiji ilikuwa chini ya maji, mashamba na nyumba. Tarehe 25 mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Siku chache baadaye kikaja kimbunga Hidaya pwani. Sisemi kuna mtu aliyekufa kwa sababu ya mwandishi, hapana. Nasema kwamba wakati kama ule mtu wa Rufiji anategemea redio na simu kujua kama abaki au aondoke, na neno analolisikia limepita kwa yule kijana wa saa mbili usiku.

Wahariri wanajitetea kwamba nafasi haitoshi. Kichwa cha habari kina maneno matano, huwezi kuweka maelezo ya mto. Mimi nasema kichwa kiandike "Maji bado yanapanda", maneno matatu tu, nafasi imebaki. Ndani andika: maji yataendelea kupanda hadi Alhamisi, ndipo yaanze kupungua. Kama kuna mvua nyingine huko juu, ongeza kwamba yanaweza kupanda tena, kwa sababu mto unaweza kuwa na kilele cha kwanza na cha pili, na watu wengi hunaswa walipokwisha kurudi nyumbani kufagia tope. Hakuna hata neno moja la kitaalamu hapo. Bibi yangu angelielewa bila kuvaa miwani.

Wala tusijifanye Waswahili hatuna msamiati wa maji, ni aibu. Watu wa pwani wana maji kujaa na maji kupwa, wana bamvua na maji mafu, wanajua kwa kuhesabu mwezi ni siku gani ngalawa itakaa mchangani na siku gani maji yatalamba ukuta. Watu wa mito nao hawakukaa bubu karne zote hizo wakisubiri kamusi. Masika yanakuja tena mwakani. Kabla hayajafika, naomba chumba kimoja tu cha habari kipige simu Utete, au Ikwiriri, au Malinyi, kimtafute mzee yeyote anayelima bondeni, kimwulize: maji yakifika pale yanapogoma kupanda, ninyi huwa mnasemaje? Halafu liandikwe hilo hilo alilolisema.